Nyumba Iliyopotea kwa Dola 134

Katika jiji la Washington, makao makuu ya Marekani, alikuwako mzee mmoja wa miaka 76, sajini mstaafu wa kikosi cha Marine, mgane, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoka. Nyumba yake aliinunua kwa fedha taslimu miaka mingi nyuma, wala hakudaiwa na benki yoyote. Mwaka 2006 ilimpita ankara ya kodi ya nyumba ya dola 134. Serikali ya jiji ikaliuza deni hilo kwa mfanyabiashara. Juu ya deni zikapandishwa gharama za mawakili na mahakama, nazo zikakaribia dola 5,000. Mzee aliposhindwa kulipa, mahakama ikampa mfanyabiashara yule nyumba yote, yenye thamani ya dola 197,000 hivi.

Siku ya kutolewa walikuja maafisa wa mahakama wenye silaha. Mzee alikaa kwenye kiti cha kukunja ng'ambo ya barabara, akitazama wapagazi wakitoa nguo zake, televisheni yake, nishani zake za jeshi na picha za marehemu mkewe. Gazeti la Washington Post ndilo lililoitangaza habari hiyo mwezi Septemba 2013, na mwaka uliofuata baraza la jiji likairekebisha sheria.

Yafaa habari hiyo itangulie, kwa kuwa biashara iliyomtoa mzee huyo nyumbani kwake ndiyo ile ile inayosifiwa leo mbele ya watu wenye akiba ndogo, hata walio mbali na Marekani. Minada mingi siku hizi hufanyika kwa njia ya intaneti, na katika kaunti nyingi mgeni aliye ng'ambo ya bahari aweza kujiandikisha na kununua. Kwa hiyo si jambo la ajabu askari anayekaribia kustaafu apokee ujumbe kutoka kwa jamaa aliyehamia Texas au Iowa, ukimwambia kwamba kiinua mgongo chake chaweza kuzaa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, tena chini ya ulinzi wa serikali. Au kwamba aweza kupata nyumba nzima kwa bei ya pikipiki. Maneno hayo si uongo mtupu. Ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula fedha za watu.

Kwanza yafaa ieleweke deni lenyewe latoka wapi. Huko Marekani kodi ya nyumba na ardhi haitozwi na serikali kuu. Hutozwa na kaunti, miji na wilaya za shule, nayo ndiyo inayolipa mishahara ya walimu, wazima moto na askari polisi wa mji. Si kodi ndogo kama ile wanayoizoea watu wa Afrika Mashariki. Tanzania, mathalani, tangu mwaka 2021 huikata kodi ya jengo kidogo kidogo pale mtu anunuapo umeme, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Uganda nayo iliisamehe nyumba anayokaa mwenyewe kwa sheria ya mwaka 2006. Mmarekani wa kawaida hulipa maelfu ya dola kila mwaka, awe amemaliza kulipia nyumba au hajamaliza, awe kazini au amestaafu. Akichelewa, riba na faini huanza kutembea.

Asipolipa kabisa, sheria huweka dai juu ya nyumba yenyewe. Dai hilo hutangulia takriban madai mengine yote, hata rehani ya benki. Hapo ndipo utamu wa biashara unapoanzia, maana mwenye kulishika dai hilo husimama mbele ya benki katika msururu wa wanaodai. Kaunti, ambayo haiwezi kuwangojesha walimu na polisi mishahara yao, huwa na njia mbili: kuliuza deni, au kuiuza nyumba. Majimbo hutofautiana sana, na asiyejua jimbo alilonunua lafuata njia ipi hajui alichonunua.

Njia ya kwanza ni ya kuliuza deni, na jimbo la Florida ni mfano wake mzuri. Huko kodi ya mwaka huhesabiwa kuwa imechelewa tangu tarehe 1 Aprili, na kufikia tarehe 1 Juni kaunti huwa imefanya mnada wa vyeti. Mnunuzi hulipa kodi ya yule aliyeshindwa, akapewa cheti chenye riba. Mnada wenyewe huenda kinyume cha minada ya kawaida: hauanzi chini ukapanda, bali huanzia riba ya asilimia 18 ukashuka, na anayekubali riba ndogo kuliko wote ndiye ashindaye.

Hapa ndipo ile asilimia 18 inayotajwa katika ujumbe wa jamaa inapoanza kuyeyuka. Wanaohudhuria minada hiyo si wastaafu watupu. Zipo kampuni kubwa na mabenki yenye kompyuta na watumishi wa kuchagua vyeti vizuri, nao huteremsha riba hata ikafikia robo ya asilimia moja. Si kwamba wamepata wazimu. Sheria ya Florida humhakikishia mnunuzi angalau asilimia 5 ya jumla pale mwenye nyumba anapolikomboa deni, ila kama mnunuzi alikubali riba ya sifuri. Chukulia cheti cha dola 1,000 kilichonunuliwa kwa riba ya asilimia 6. Kikikombolewa baada ya miezi miwili, riba halisi ni dola 10 tu, lakini mwenye cheti hupata 50. Wanaoshuka hadi robo ya asilimia huitumainia hiyo 50, wakiomba deni lilipwe upesi. Lisipolipwa upesi, hesabu hugeuka: dola 50 katika muda wa miaka miwili ni sawa na asilimia 2 na nusu kwa mwaka, na akiba ya kawaida ya benki yaweza kuishinda.

Na je, mwenye nyumba asipolipa kamwe? Watu wengi hudhani hapo mwenye cheti huichukua nyumba. Sivyo ilivyo Florida. Baada ya miaka miwili mwenye cheti aweza kuomba nyumba ipigwe mnada, lakini hapana budi kwanza alipe vyeti vya watu wengine vilivyo juu ya nyumba hiyo, kodi zilizoongezeka, na gharama za maombi. Ikiuzwa kwa mtu mwingine, hurudishiwa fedha zake na riba. Nyumba humwangukia yeye pale tu ambapo hakuna mwingine aliyeitaka, na nyumba isiyotakiwa na mtu hata mmoja katika mnada wa wazi, aliye mbali ana haki ya kuishuku. Akilala miaka 7 bila kuchukua hatua, cheti chake hufa. Kwa hiyo serikali haitoi dhamana yoyote kwamba mnunuzi atapata chake. Humpa haki ya kudai kwa utaratibu uliowekwa, na kumwachia kazi ya kuufuata.

Majimbo mengine yana desturi zao. Arizona huanzia asilimia 16 ikashuka. Iowa hutoa riba isiyobadilika ya asilimia 2 kila mwezi, na mnada wake wa mwaka huangukia Jumatatu ya tatu ya mwezi Juni. Kwa kuwa riba hiyo haishuki, wanunuzi hushindana kwa kupunguza sehemu ya mali watakayoishikilia, na pale wote wanapong'ang'ania asilimia 100, mshindi hupatikana kwa kura ya bahati.

Njia ya pili ni ya kuiuza nyumba yenyewe. Texas hufanya minada yake kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, na mshindi hupewa hati ya nyumba. Lakini hati hiyo bado ina mkia. Kama ilikuwa ni nyumba ya makazi ya mwenyewe au shamba, yule aliyepoteza ana miaka miwili ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake pamoja na nyongeza ya asilimia 25, au asilimia 50 ikiwa ni mwaka wa pili. Mali nyingine hukombolewa ndani ya miezi sita. Faida hiyo ni nono, hapana ubishi. Ila katika muda huo mnunuzi mwenye busara hathubutu kutia fedha nyingi katika matengenezo, maana hajui kama paa analoliezeka litakuwa lake mwaka ujao. California ni kinyume: nyumba ya makazi haiuzwi mpaka deni lipite miaka mitano, lakini ikishauzwa hakuna kukomboa tena.

Nyumba za bei ya pikipiki zilikuwako kweli, hasa Detroit, katika jimbo la Michigan. Mji huo ulijengwa kwa viwanda vya magari, na viwanda vilipopungua watu walihama kwa maelfu. Kaunti ya Wayne, ambamo Detroit imo, ilikuwa ikizipiga mnada nyumba zilizokosa mnunuzi mara ya kwanza kwa bei ya kuanzia dola 500. Waliozinunua wakiwa mbali, kwa kutazama picha moja tu, walifika na kukuta mabomba ya shaba yameng'olewa ukutani, mvua ikinyesha sebuleni, au familia ikiishi ndani na haina habari kwamba nyumba imeuzwa. Tangu siku ya kununua, kodi mpya nayo ilianza kuhesabiwa juu ya mnunuzi, naye asipolipa nyumba ilirudi mnadani kwa jina lake.

Aidha, deni la Detroit lilikuwa na kasoro katika mizizi yake. Bei za nyumba zilianguka vibaya baada ya mwaka 2008, lakini makadirio ya kodi hayakushushwa kwa kadiri hiyo, ingawa katiba ya Michigan hairuhusu nyumba ikadiriwe zaidi ya nusu ya bei yake ya soko. Makadirio mapya ya mji mzima yalikamilika mwaka 2017 tu. Kati ya mwaka 2011 na 2015 karibu robo ya nyumba na viwanja vya mji huo vilikuwa vimekwisha chukuliwa kwa madeni ya kodi. Wapo waliopoteza makao kwa sababu ya kodi ambayo kisheria hawakupaswa kutozwa. Cha mlevi huliwa na mgema, husema Waswahili, lakini hapa mlevi hakuwa amelewa; kipimo cha mgema ndicho kilichokuwa kibovu.

Kwa askari na familia zao yako mambo mawili katika sheria za Marekani ambayo wauzaji wa biashara hii hawayataji, nayo yote mawili humgusa mnunuzi mfukoni.

La kwanza ni ulinzi wa mwanajeshi aliye kazini. Sheria ya kulinda haki za raia walio jeshini, ambayo asili yake ni vita vya mwaka 1918 na sura yake ya sasa ni ya mwaka 2003, hairuhusu nyumba anayokaa mwanajeshi au wategemezi wake iuzwe kwa deni la kodi bila amri ya mahakama. Mahakama yaweza kuyasimamisha mauzo wakati wote wa utumishi wake na hadi siku 180 baada yake. Ikiwa imekwisha uzwa, aweza kuikomboa katika muda huo huo, na riba ya deni lake haipiti asilimia 6. Mtu akinunua mali ya aina hiyo pasipo kujua, atakuta mikono yake imefungwa. Ulinzi huo, walakini, huisha pamoja na utumishi. Ndiyo maana sajini wa Washington, pamoja na nishani zake zote, hakuwa na kifuniko.

La pili ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 25 Mei 2023, katika kesi ya Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin. Bibi mwenye umri wa miaka 94 alikuwa na nyumba ndogo ya ghorofani mjini Minneapolis. Alihamia makao ya wazee mwaka 2010, na kodi ikaacha kulipwa. Deni lilikuwa kiasi cha dola 2,300. Riba, faini na gharama zikalifikisha karibu dola 15,000. Kaunti iliitwaa nyumba, ikaiuza kwa dola 40,000, ikajilipa deni lake, na zile 25,000 zilizobaki ikazitia katika hazina yake. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba kufanya hivyo ni kumpokonya raia mali yake bila fidia. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika hukumu hiyo, alirudi nyuma hadi mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 kuonyesha kwamba tangu zamani mtawala alikuwa na haki ya kuchukua deni lake tu. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2020, mahakama ya juu ya Michigan ilikuwa imetoa uamuzi wa namna hiyo katika kesi ambayo mtu alipungukiwa na riba ya dola 8 na senti 41, kaunti ikaiuza mali yake kwa dola 24,500, isimrudishie hata senti moja.

Hukumu hizo zimeyalazimisha majimbo kadhaa kubadili sheria zao. Kwa mnunuzi maana yake ni nyepesi kuieleza: mlango wa kupata nyumba ya dola laki mbili kwa deni la mia moja umebanwa, na popote ulipobaki wazi, mawakili wanausogelea. Vitabu na mafundisho yanayouzwa kwa sifa za miaka ya nyuma huwasimulia watu soko ambalo linaondoka.

Basi na irudiwe habari ya askari aliyepokea ujumbe wa jamaa. Fedha zake ni za miaka ishirini ya gwaride na zamu za usiku, tena hulipwa mara moja tu. Nyumbani yuko mke ambaye ndiye aliyekuwa akipanga mafungu kila mwisho wa mwezi, na mara nyingi ndiye ajuaye zaidi senti inatoka wapi na inakwenda wapi. Ujumbe huo usomwe naye akiwapo. Yeye hatauliza kuhusu asilimia. Atauliza nyumba iko wapi na nani anaishi ndani. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyowashinda wengi walionunua Detroit.

Kuna gharama ambazo hazionekani katika ujumbe. Hati itokanayo na mnada wa kodi mara nyingi haikubaliwi na kampuni za bima ya hati mpaka mnunuzi afungue kesi ya kuisafisha, na wakili wa Marekani hadaiwi kwa kuku na mbuzi. Mgeni hujaza fomu za kodi za wageni. Akija kuiuza nyumba hiyo, kwa kawaida mnunuzi hutakiwa azuie asilimia 15 ya bei yote na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, mpaka muuzaji athibitishe hesabu zake. Viwanja vingine vinavyouzwa kwa bei ya chini ni vipande vyembamba kati ya nyumba mbili, au bwawa, au ardhi isiyoruhusiwa kujengwa. Vimo katika orodha ya mnada sawa na vingine, na kaunti haimwonyi mtu, kwa kuwa kila kitu huuzwa kama kilivyo. Jamaa aliyetuma ujumbe naye, hata akiwa mwaminifu, ikiwa jina lake ndilo lililo katika cheti, basi mbele ya sheria cheti ni chake.

Mtu akiwa bado anataka, baada ya kuyajua hayo yote, haikatazwi. Watu hupata faida ya kiasi katika vyeti, nao kwa kawaida ni wale wanaokaa jirani na kaunti, wanaonunua vingi vidogo badala ya kimoja kikubwa, na ambao fedha waliyoweka wanaweza kukaa miaka mitatu bila kuihitaji. Sharti hili la mwisho ndilo lisilolingana na kiinua mgongo, chenye kungojewa na karo za shule, bati za nyumba, na matibabu ya mzazi.

Jambo la kutazamwa zaidi katika kaya ya askari liko karibu kuliko Florida. Wengi wa waliopoteza nyumba huko Marekani hawakuwa wakaidi. Walikuwa wazee waliosahau, wagonjwa, na warithi ambao ankara ziliendelea kuandikwa jina la marehemu na kupelekwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuzifungua. Askari huhamishwa kutoka kambi hadi kambi, na kiwanja alichonunua akiwa kijana hubaki nyuma, karatasi zake zikiwa kwa ndugu, au katika sanduku ambalo mke hajawahi kulifungua. Hati hizo na risiti za ada zote zinazodaiwa juu ya ardhi ziletwe zikae pamoja, jina na anwani vilingane na vilivyo katika daftari la ofisi ya ardhi, na mtu wa pili katika nyumba ajue ufunguo wa sanduku uko wapi.